Nusu Saa ya Zamu Yetu

Jumapili, 3 Machi

Leo Baba ametupa masharti. Mrisho alikuja mchana na samaki wa kukaanga kutoka soko la Feri, na mdogo wangu akija na samaki bila kuitwa ujue ana neno. Hata mikono hatujanawa akaanza: mnunuzi wa kiwanja amerudi, anataka jibu, anataka kujenga ghorofa, na sisi tutapewa nyumba Kigamboni yenye bustani. Baba alimwacha amalize. Mguu wake wa kulia umevimba na hatoki kitandani bila mtu, lakini sauti bado ni ileile aliyokuwa akipigia kelele karakana ya reli.

"Sikilizeni nyote wawili," alisema. "Masika haya maji yakiingia chumbani kwa mama yenu, nauza. Natia sahihi siku hiyohiyo na sitaki kuona mtu analia. Yasipoingia, wewe Mrisho usinitajie tena ghorofa mpaka mnizike."

"Sawa, Baba," alisema Mrisho. Alikubali haraka mno. Anakumbuka kwamba masika yaliyopita maji yalifika kwenye kizingiti cha chumba kile yakasimama hapo, na wingu la mwaka huu tunaliona wote.

Chumba cha Mama ni cha mwisho kulia, ukitaka kutoka uani. Alifia humo mwaka juzi. Kitanda chake kipo, kabati lake lipo na kanga zake zimo. Tangu nilipoachika na kurudi nyumbani nalala chumba kinachopakana nacho, na nikikosa usingizi huingia nikakaa kitandani kwake tu, basi. Ukumbi ukilowa nitapiga deki. Chumba hicho sikitoi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza ya maana.

Kichochoro chetu kina nyumba nne za zamani zilizobaki, zimebanwa na maghorofa kila upande. Barabara imewekwa lami juu ya lami miaka nenda rudi, mpaka sasa sisi ndio tuko shimoni. Maji yanashuka kutoka mapaa ya watu yanaingia uani kwetu, na hayatoki mpaka yavutwe kwa pampu hadi mtaroni, chini kabisa ya kichochoro, mbele ya duka la Mama Bhargav. Mtaro ni mwembamba. Maji ya nyumba moja unayabeba. Ya nyumba mbili kwa pamoja unamwaga, na ukimwaga unamwaga dukani kwa Mama Bhargav, maana ndiye aliye chini kuliko wote.

Kwa hiyo kuna zamu. Waliozipanga ni Baba na marehemu mzee Harilal, mume wa Mama Bhargav, mwaka ule watu wa kichochoro nusura washikane mashati. Kila nyumba nusu saa, na wengine wote pampu zao zimezimwa. Polycarp, mlinzi wa ghala la pembeni, anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nondo. Ukisikia reli unazima, hata kama maji yamekufika kiunoni. Hakuna aliyewahi kuiba dakika. Baba huwahadithia wageni habari ya zamu namna watu wengine wanavyohadithia hija yao.

Leo nusu saa yetu imekwisha na uani bado maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Pampu ni nzima, ya petroli, Mrisho mwenyewe aliichagua. Tatizo ni mpira. Unazunguka ukuta wa ghala zima ndipo ufike mtaroni, na njia nzima unakula nguvu.

Ijumaa, 8 Machi

Manyunyu. Nguo hazikukauka.

Jumatatu, 11 Machi

Chuoni leo nimefundisha msuguano ndani ya mabomba, kwa vijana waliokuwa wakitazama simu chini ya meza, na mimi mwenyewe nilikuwa nautazama mpira wetu kichwani.

Maji yakienda kasi ndani ya bomba hayaendi moja kwa moja. Karibu na ukuta wa bomba yanajikunja, yanazunguka, yanagongana, na sehemu kubwa ya nguvu ya pampu inaishia kwenye vurugu hiyo badala ya kusukuma maji mbele. Ni Mtaa wa Kongo wiki ya sikukuu: kila mtu anatembea na hakuna anayefika. Lakini ukiyeyusha humo kitu chenye molekuli ndefu sana, nyuzi zinazojikunja na kunyooka, nyuzi hizo zinaizuia mizunguko hiyo isikue. Vurugu inapungua. Pampu ileile, mpira uleule, maji yanatoka mengi zaidi. Na kinachotakiwa ni kidogo mno, pipa moja la maji linatosheka na vijiko vichache. Kuna wazima moto wa nchi za mbali waliowahi kutumia ili maji yafike juu, na wanaosafirisha mafuta kwa mabomba wanatumia kila siku.

Miaka yote nimekisema hiki darasani mwisho wa kipindi, ili kuwaamsha. Huwaambia hata ute wa bamia unafanya kazi hiyo, wakacheka, kengele ikalia. Leo sikucheka nao. Nimerudi nyumbani nikaupima mpira kwa hatua, huku Baba akiniuliza kutoka ndani kama nimepoteza hereni.

Kesho Ramadhani.

Alhamisi, 14 Machi

Bamia za kutosha kazi hii zingemaliza soko zima la Kariakoo, kwa hiyo nimekwenda kwa Mama Bhargav. Duka lake lina viungo, dengu, mchele, na nyuma kabisa magunia ya unga mweupe anaouita guwari. Ni mbegu za jamii ya maharage, zinasagwa, na wanunuzi ni watengeneza aiskrimu na watengeneza sosi wanaotaka vitu vyao viwe vizito. Mimi nataka nyuzi zake ndefu.

"Shikamoo, Mama Bhargav."

"Marahaba, Waridi. Saumu inakwendaje?"

"Inakwenda."

"Guwari ya nini weye? Umefungua aiskrimu?"

"Ya chuoni," nilisema. "Majaribio."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Pengine niliogopa kuchekwa. Mama huyu amenifahamu tangu natambaa, marehemu Mama alikuwa akiniacha dukani kwake akienda kliniki. Alichota unga kidogo, akautia maji kwenye kikombe, akakoroga, kisha akasugua vidole viwili mbele ya uso wangu. "Nzuri inateleza hivi, hainati. Ikinata wamechakachua." Akanifungia mfuko mzima na kukataa malipo, eti vitu vya masomo havilipiwi.

Jumapili, 17 Machi

Aibu. Mvua ilipokaza, zamu yetu ikafika, nikaumimina unga mkavu moja kwa moja kwenye shimo la maji la uani. Ulifanya madonge. Madonge yakaziba chujio la pampu, na nusu saa nzima niliimaliza nimepiga magoti nachokonoa utelezi kwa kijiti, mbele ya Mrisho aliyekuja kufuturu.

"Dada Waridi," alisema, "umetupikia uji na adhana bado."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu hata ugali hawezi kusonga, sembuse maji! Sasa anatutilia mlenda kwenye pampu."

Maji yalibaki uani mpaka zamu ya pili. Mrisho alisimama mlangoni kwa chumba cha Mama akapima kwa macho yalipofika. Nilimchukia sana dakika ile.

Jumatano, 20 Machi

Imekubali. Mungu wangu, imekubali.

Safari hii nilianza asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilijaza pipa maji safi, nikawa napepeta unga kwa chekecheke kidogokidogo huku nakoroga na mwiko wa shughuli, nikaliacha lilale. Alasiri lilikuwa limekuwa zito kiasi cha uji wa mgonjwa, laini, bila donge. Nikatoboa pipa chini nikachomeka kimpira chembamba, mdomo wake nikauweka palepale pampu inapovuta. Uji kidogo, maji mengi, vyote vinaingia pamoja. Ni lazima uji uingie palepale na upite mara moja tu, maana nyuzi zikizungushwa na mapanga ya pampu mara nyingi zinakatika, na zikikatika hazina faida tena.

Reli ikalia. Niliwasha, nikafungulia kimpira. Mpira mkubwa ulikuwa na tabia ya kutetemeka na kukohoa kwenye kona ya ghala. Ukatulia. Nikakimbia hadi kichochoroni kutazama mdomo wake: maji yalikuwa yakitoka marefu, yamenyooka, hayana chenga, yanaangukia mtaroni mbali na pale yalipozoea kuangukia. Kama theluthi nzima imeongezeka. Nusu saa haijaisha, pampu ikaanza kuvuta hewa. Uani kweupe!

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia kwa furaha. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopata kitu nilichokitaka.

Nilifikiri nimwambie nani. Nikimwambia Mrisho atadai nimevunja masharti. Nikitangaza kichochoroni, kesho nyumba zote nne zitataka unga, na mtaro ule ni uleule. Hapo nikaacha kufikiri. Dakika ya mtu sijaiba. Reli imelia nimewasha, reli imelia nimezima.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Zamu. Kukavu.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna mvua siku mbili na pipa limechacha, linanuka hadi chumbani kwa Baba. Guwari haikai. Nimemwaga lote, nimeanza jingine.

"Hicho kinachooza huko ni nini?" Baba aliuliza.

"Mlenda wako."

"Mama yako angekufukuza na ufagio," alisema, na ni kweli.

Ijumaa, 29 Machi

Mrisho alimpeleka Baba kwa daktari wa mguu. Bajaji haiwezi kuingia kichochoroni kukiwa na maji, kwa hiyo alimbeba mgongoni hadi barabarani, na kurudi vilevile, naye amefunga. Shati lake lilikuwa na tope hadi kwenye kola. Daktari amesema kidonda kidogo kwenye mguu ule kikiingiwa na maji haya machafu, itakuwa habari nyingine. Mrisho alinieleza hilo polepole, akingoja nijibu. Adhana ya magharibi ilipolia nikampa uji.

Jumanne, 2 Aprili

Barabara ya Jangwani imefungwa kwa mafuriko, mabasi ya mwendokasi hayaendi, wanafunzi nusu hawakufika. Mvua. Zamu mbili. Kukavu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Kukavu. Nimerudi kwa Mama Bhargav kuchukua mfuko mwingine. "Majaribio yanakula sana mwaka huu," alisema. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 10 Aprili

Idd bila Mama, ya pili. Nilipika biriani yake na haikuwa yake.

Mama Bhargav alikuja na sahani ya ladu na chevda, vitafunio vya kwao, kama kila mwaka. Yeye hali nyama, kwa hiyo nikamkatia tikiti. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Baba wakamzungumzia mzee Harilal, na Bhargav aliyehamia Kanada ambaye kila wiki anampigia kumwambia afunge duka, aende huko.

"Nikafanye nini?" alisema. "Nikatazame theluji dirishani?" Halafu akasema, "Mwaka huu mtaro una hasira, Mzee Abdulmajid. Zamu yenu ikifika naona maji yanaruka mpaka ngazi yangu ya kwanza. Zamani hayakuwa hivi."

"Mvua imezidi, Sudha," alisema Baba.

"Labda mvua."

Alinitazama, au mimi ndiye nilijiona natazamwa. Nilikwenda jikoni kuchukua tikiti lingine wakati lililokuwapo halijaisha.

Jumapili, 14 Aprili

Niliamua leo nipunguze unga nusu. Mvua ikaja kubwa, maji yakafika chini ya ngazi ya chumba cha Mama, na sikupunguza. Kukavu.

Jumatano, 17 Aprili

Kutwa nzima giza. Taa zinawashwa mchana. Kuta zimeota ukungu, mto wangu unanuka ukungu, hata chumvi imelowa kwenye kopo. Nimemgombeza mwanafunzi bila sababu akalia. Watu wa hali ya hewa wanasema kubwa bado.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika mikono ikiwa bado inateleza. Nimenawa kwa sabuni mara tatu.

Ilianza alfajiri na haikupumua. Kufikia adhuhuri uani hapakuwa na uani, lilikuwa bwawa, na maji yalishavuka mlango wa nyuma yakaingia ukumbini. Nilimpandisha Baba miguu juu ya kitanda, nikamfunga mguu mbaya na mfuko wa nailoni. Zamu ilikuwa ya nyumba ya juu, halafu ya pili, halafu sisi, halafu Mama Bhargav. Nilikuwa nimekoroga mapipa mawili badala ya moja, na mazito kuliko siku zote. Nilikaa ukumbini natazama ngazi moja ya chumba cha Mama. Maji yalikuwa yameifunika nusu.

Mrisho akaingia kutoka kwenye duka lake la vipuri, amelowa chapachapa, begani ana mfuko wa mchanga. Akautupa mbele ya mlango wa Mama, akatoka, akarudi na mwingine. Nilidhani naota.

"Unafanya nini?" nikamwuliza. "Si ungeyaacha yaingie tu upate ghorofa lako?"

Alisimama anahema. "Dada, mimi nataka Baba atoke hapa kabla mguu haujaoza. Basi. Nani kakwambia nataka chumba cha Mama kilowe? Hebu shika huku."

Nilishika. Tulipanga mifuko pamoja bila kutazamana, na mimi nilikuwa na aibu kubwa, kwa sababu tangu mwezi wa tatu nimekuwa nikila naye meza moja nikimhesabu kuwa adui.

Reli ikalia, zamu yetu. Niliwasha pampu nikafungulia vimpira vyote viwili. Sijawahi kuona maji yakiondoka namna ile. Bwawa lilishuka kwa macho, ukuta ukaanza kuonyesha mstari wa tope, kisha ngazi ya jikoni ikaibuka. Ukumbini maji yalirudi nyuma yakifuata sakafu hadi nje. Mrisho alikuwa akiyasukuma na ufagio akisema, "Leo pampu hii imepewa nini?" Nikacheka. Nilicheka kweli. Ngazi ya chumba cha Mama ilikuwa wazi yote. Nikasema ngoja niende chini kuona yanavyotoka.

Mtaro haukuwapo. Palikuwa na mto, na mpira wetu ulikuwa unautapikia katikati. Mto ule ulikuwa unageuka kwenye kona yake ya siku zote na kuingia mlangoni kwa Mama Bhargav.

Alikuwa amesimama dukani, sari ameipandisha, maji yako magotini. Makopo ya viungo yalikuwa yanaelea yakigongana na miguu yake. Pampu yake ilikuwa juu ya meza, imezimwa. Mkono wake ulikuwa umeshika kamba ya kuwashia.

"Washa!" nilimpigia kelele. "Mama Bhargav, washa!"

"Reli bado," alisema. "Ni zamu yenu."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayekwambia mchele haujafika. Nyuma yake magunia ya guwari yalishaanza kunywa maji, yamevimba, mishono inafunguka.

Nilikimbia kurudi. Niliteleza kwenye kona ya ghala nikaanguka, nikainuka, nikaizima pampu. Mrisho akasema, "Vipi, muda bado!" Ndipo reli ikalia, na kutoka chini nikasikia pampu ya Mama Bhargav ikiwaka.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imekata. Chumbani kwa Mama halikuingia hata tone. Nimekitazama, nikafunga mlango.

Kichochoro kizima kilikuwa dukani kwa Mama Bhargav. Guwari ilikuwa imepasua magunia na kufunika sakafu, ute mzito unaofika kwenye kifundo, na ndani yake dengu, mchele, majani ya chai, picha ya mzee Harilal. Ukiuchota na beleshi unateremka wote. Mrisho alivua shati akapiga magoti, akawa anaukumba kwa mikono na kuujaza kwenye ndoo, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila mtu alisema ni mvua. Polycarp alirudia kwa kila aliyepita, "Zamu zote nimezigonga sawasawa, hakuna aliyezidisha," na watu wakamwitikia kuwa ni kweli, hakuna aliyezidisha.

Mimi nilisomba ndoo.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikwenda kazini. Baba amefurahi tangu jana, anaimba. Amemwita Polycarp amweleze tena namna zamu zilivyokwenda barabara katika mvua kubwa kuliko zote. Nilitoka nje nikakaa kwenye kibaraza mpaka amalize.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda kumwambia.

Alikuwa peke yake, amekaa juu ya kreti la soda katikati ya duka tupu. Sakafu ilishaoshwa lakini bado inang'aa. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mpira, nyuzi, mapipa, kwamba hayakuwa majaribio ya chuo, kwamba nusu saa yetu tangu mwezi wa tatu haikuwa sawa na nusu saa ya mtu mwingine, na kwamba nililijua hilo siku ya kwanza nikajizuia kulifikiri.

Hakushtuka. "Nilijua Jumamosi," alisema. Akasugua vidole viwili, kama siku ile. "Niliyashika maji yenu. Guwari nimeiuza tangu niolewe, nisiijue?"

"Mbona hukusema? Watu wote walikuwepo."

"Niseme nini mbele za watu? Kwamba mtoto wa Abdulmajid kafanya nini? Zamu zile baba yako alizipanga na mume wangu, hapa hapa, wamekaa hapa." Akaonyesha mahali ambapo kaunta ilikuwa.

Nilitaka kupiga magoti lakini nikaona nitamwongezea kazi ya kuninyanyua. Nikasema nisamehe. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, na ningependa ingekuwa hasira.

"Ungeniomba zamu yangu, Waridi," alisema. "Asubuhi ile kwangu kulikuwa kukavu. Nusu saa yangu sikuwa na kazi nayo. Ungesema tu, ningekupa."

Bhargav amemkatia mama yake tiketi ya Kanada. Anaondoka mwezi ujao. Nilimwuliza nimsaidie nini, akasema nimsaidie kuteremsha rafu, misumari imeshika kutu.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mji umetulia, jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ningeweza kunyamaza. Mama Bhargav hatasema, hilo nalijua. Mrisho jana mwenyewe alinishika bega akaniambia, "Umeshinda, Dada. Sitataja tena." Masika hayajaisha lakini mvua kubwa imepita. Chumba kikavu, Baba ametoa neno lake, na hicho ndicho nilichokitaka. Tangu juzi nimeingia humo mara nyingi nikakaa kitandani kwa Mama, na kila nikikaa naona mkono ule umeshika kamba.

Baada ya chai nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Baba nikamweleza. Nilidhani atanikatiza. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye pampu ya Mama Bhargav iliyozimwa alifumba macho.

"Aliizima," alisema.

"Aliizima, Baba. Reli ilikuwa bado."

"Maji yalimfika wapi?"

"Magotini."

Aliuvuta mguu wake mbovu kwa mikono miwili akauweka sawa, akakunja shuka, akalikunjua. Nilingoja matusi, na matusi anayajua. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na chumbani kwa mama yenu?"

"Hayakuingia. Hata tone."

"Yameingia," alisema Baba. "Yameingia, Waridi. Mwite Mrisho, natia sahihi leo hii."

Nilimpigia Mrisho. Alipokea akicheka, kwake kulikuwa na kelele za watoto, na mimi nikamwambia aje tu, Baba anamwita.